Mkono Usiotoka Siniani

Kama una mzee nyumbani anayeanza dripu za kansa, weka simu kando umwangalie anavyokula. Usimwulize kama amekula. Mwangalie. Sisi tuliuliza kila siku, na kila siku tukajibiwa "nimeshiba, alhamdulillahi", tukaamini, na ilikuwa karibu tumzike.

Mgonjwa wetu ni mavyaa wangu, mamake mume wangu, Bi Mwanatumu. Mimi ni Mama Rahma, mzaliwa wa Mikindani, nimeolewa Likoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka hospitali, kwa sababu mume wangu Hamisi hufanya kazi za zamu bandarini, na dadake, wifi yangu Mejumaa, husema harufu ya hospitali humtia kizunguzungu. Kizunguzungu! Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni ambaye hajaacha ziwa, na mzee mkononi. Sikuwa na nafasi ya kizunguzungu.

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki ipoe kabla sijamaliza.

Dripu ya kwanza alipewa wakati wa joto la kaskazi. Titi lilikuwa limeshakatwa na kidonda kimekauka, tukaambiwa sasa zinafuata dripu sita, kila baada ya wiki tatu. Tulivuka kwa feri mapema, tukakaa kwenye vile viti vya plastiki vilivyoungana, ambavyo mtu mmoja akijigeuza mwisho wa safu, wewe huku unatikisika. Kulikuwa na televisheni isiyo na sauti. Mizani ilikuwa mlangoni kabisa, na muuguzi alitaja kilo zako kwa sauti chumba kizima kikasikia. Baada ya kutaja, watu waliangalia chini. Mara ya kwanza sikujua kwa nini wanaangalia chini.

Daktari alisema, "Nyumbani ale vizuri."

Nikauliza, "Vizuri ni nini?"

"Mlo kamili." Akanionyesha picha ukutani. Ilikuwa na matofaa mekundu, zabibu na jibini. Nani Likoni anakula jibini? Kabla sijauliza la pili, jina la mgonjwa mwingine lilishaitwa.

Tuliporudi, alitapikia ndani ya feri, kwenye mfuko niliokuwa nimewekea nepi za Rahma. Watu walitupisha wakaacha duara. Mavyaa alijifuta kwa ncha ya mtandio, akasema polepole, "Niwieni radhi, wanangu." Aliwaomba radhi watu wasiomjua, mzee wa umri wake.

Kisha mdomo ukabadilika. Alisema kila kitu kina ladha ya sarafu: maji, chai, hata mate yake mwenyewe. Nywele zilianguka, hizo alizifunika, hazikumsumbua. Kilichonitia hofu ni kanga. Kanga iliyokuwa ikimtosha kiunoni kwa shida ilianza kumzunguka, ikamzunguka tena, mpaka fundo likawa kubwa kuliko tumbo. Bangili yake ya fedha, ambayo hajaivua tangu arusi yake, ilikuwa ikipanda na kushuka mkononi kama kitu kilichopotea njia.

Lakini chakula alikuwa akila! Ndivyo tulivyojua. Nyumbani kwetu tunakula sinia moja, wanaume kwa wanawake, kwa kuwa sisi si wengi. Kila mtu anakula mbele yake. Na mbele ya Mama, kila siku, palikuwa na shimo kwenye wali, zuri, limechimbwa mpaka bati linaonekana. Mimi nilikuwa wa mwisho kukaa, kwa kuwa ndiye mpishi na ndiye mnyonyeshaji, na nikifika, Mejumaa ananiambia, "Mama amekula leo, mashallah. Tazama mbele yake."

Nikatazama. Nikaona shimo. Nikashukuru.

Siku ya dripu ya pili alipanda mizani, na kilo nne hazikuwapo. Sasa nikwambieni jambo. Kliniki ya watoto, mtoto akipungua kidogo tu, wanakupigia kelele mbele ya kila mtu: "Wewe mama, unamlisha nini mtoto huyu?" Nimewahi kulia pale. Lakini mavyaa alipopungua kilo nne, muuguzi aliandika akasema, "Shuka, mama."

Nikauliza, "Mbona amepungua hivi?"

"Ni dawa. Na umri pia."

Umri! Kwani umri alikuwa nao wiki tatu zilizopita au haukuwapo?

Pale kwenye viti tulizoeana na mama mmoja wa Ziwa la Ng'ombe, mtu wa mzaha, aliyekuja na mwanawe mkubwa. Yule kijana alimbebea chupa ya maji ya majani, ya kijani, mazito. Hakuruhusu mamake aguse samaki, yai wala sukari. Alisoma mahali kwamba ukimlisha mgonjwa unailisha kansa. "Tunauua kwa njaa huo ugonjwa," aliniambia, kwa upole kabisa, akiwa na uhakika wa mtu aliyesoma. Mamake alimkonyezea mavyaa jicho. "Mwenzangu, wananilisha kama mbuzi. Siku moja nitalia mee, mje mnichinje."

Walicheka wote wawili. Mimi niliangalia vifundo vya mikono yao nikaona havina tofauti.

Mtaani nako kukaanza maneno. Rahma wakati huo alikuwa na mwaka na miezi kadhaa, ameanza kutembea, mashavu yamejaa, mapaja yana mikunjo. Nikipita naye mferejini kuteka maji, wanawake wananyamaza. Nikishapita wanaanza. Nililipata lile neno kutoka kwa Mejumaa, jikoni, huku akimenya vitunguu bila kuniangalia.

"Wifi, watu wanasema mtoto ana nyota nzito. Mtoto ananona, bibi anakauka."

"Watu gani?"

"Watu tu. Si mimi."

"Watu wana majina, Mejumaa."

"Nimekwambia si mimi! Lakini hata wewe unaona. Labda angekwenda Mikindani kwa bibi yake wa pili, hata mwezi tu. Tuone."

Tuone nini? Nilimfuata Hamisi chumbani nikamwambia dadako anataka kumfukuza mwanangu nyumbani kwa uchawi. Nilingoja akasirike. Alikaa kitandani akivua viatu vya kazi, kimoja, kisha cha pili, akasema, "Mama Rahma, punguza sauti. Labda kwa muda mfupi tu."

Usiombe kusikia neno kama hilo. Tangu hapo, nikimwangalia mtoto akilala juu ya mguu wa bibi yake, mnene kiasi kile, na yule mzee amekuwa mifupa, hata mimi mwenyewe, nisiyeamini mambo hayo, nilikuwa nikimwinua haraka.

Safari ya tatu hawakumpa dripu. Daktari aliangalia majibu ya damu, akamwangalia yeye, akaniambia mimi, kana kwamba mzee hayupo: "Leo hatuwezi. Damu iko chini na mwili umekwisha. Tutampima tena baada ya wiki mbili. Akija hali hii, tunasimamisha kabisa. Dawa itamuua kabla ya ugonjwa."

Feri ilifika katikati ya maji. Mavyaa akasema, "Leo angalau sitatapika." Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nikilia, na Rahma alikuwa akinifuta machozi kwa kiganja chenye biskuti.

Basi Ijumaa iliyofuata nilipika wali wa nazi na samaki, changu wa kukaanga. Mafuta yaliniruka mkononi, nikaungua, Mejumaa akapakua badala yangu. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, nikakaa siniani mapema na wenzangu, uso kwa uso na mavyaa, mkono wangu ndani ya bakuli la maji.

Mama alisema bismillahi, akanyoosha mkono, na bangili ikamtoka. Ilianguka katikati ya wali, ikazama. Hamisi aliitoa, akaifuta kwa shati lake, akamrudishia. Mejumaa akacheka cheko la woga: "Mama sasa anatulisha fedha."

Kwa sababu ya ile bangili, macho yangu yalibaki mkononi mwake. Nikaifuata. Ilishuka kwenye wali. Vidole vikafinyanga tonge, vikatoa mwiba kwenye mnofu wa samaki, vikaukandika juu ya tonge. Bangili ikapanda. Ikaenda kinywani kwa Rahma. Ikashuka. Tonge la pili, mnofu, mwiba kando, Rahma. Mtoto alikuwa amekaa ubavuni pake, mdomo wazi kama kinda. Kati ya tonge na tonge, migongo ya vidole ilisukuma wali taratibu kuelekea upande wa Hamisi. Shimo likachimbika. Bangili ilikwenda na kurudi, na haikupita kidevu chake hata mara moja.

"Mama," nikasema, "hujala."

"Nimekula, mwanangu. Si unaona mbele yangu?"

"Ninaona. Aliyekula ni Rahma."

Mejumaa aliruka kama aliyemwagiwa maji. "Ehe! Si nilisema? Si nilisema mimi?"

"Ulisema uchawi! Mimi nasema wali! Mtoto amenona kwa wali na samaki wa bibi yake, na sote tumekaa hapa tukitazama!"

Hamisi alitoa mkono siniani. Mejumaa naye akatoa. Mavyaa alipoona mikono imetoka, ndipo alipokasirika, si kwa kufumaniwa. "Mnaona sasa? Ndicho nilichokuwa nikikikimbia. Mimi nikitoa mkono, na nyinyi mnatoa. Hamisi ametoka zamu, ana njaa. Nitoe mkono kwa tonge moja, nyumba nzima ilale na njaa kwa ajili yangu?"

Kwetu ndivyo ilivyo adabu. Mkubwa akitoa mkono, mdogo haendelei kula. Hatufundishwi kwa kuambiwa, tunaona tu tangu utotoni. Kwa hivyo mwanamke ambaye koo limefunga na kila kitu kina ladha ya sarafu alikaa nasi kila mlo, mkono ukitembea, ili sisi tushibe. Sisi tukamshukuru Mungu kwa shimo.

Kesho yake nilimpakulia sahani yake peke yake, ili nijue kinachoingia. Aliitazama kama nimemwekea jiwe.

"Nimekuwa mkoma?"

"Mama, si hivyo."

"Tangu nizaliwe sijala sahani ya peke yangu. Mwenye ndui ndiye aliyekuwa akipewa chake mlangoni."

Mejumaa alisimama kati yetu. "Unamtenga mama yetu ndani ya nyumba yake? Wewe umetoka Mikindani kuja kumtenga mama yetu?" Sahani ilishinda juu ya meza na kawa juu yake. Mama hakugusa kitu siku hiyo mpaka magharibi, alipokunywa chai ya rangi.

Nikavuka peke yangu kwenda hospitali. Sikuwa na miadi. Nilisukuma mlango wa mtu wa lishe, kijana wa bara, nikamwambia sitoki mpaka anieleze nimlishe nini mtu, si picha ya matofaa.

"Madam, tulia. Shosho anakula nini?"

"Si shosho. Ni bibi. Na hali kitu."

Alitulia, akanieleza. Usimpe kingi, mpe kidogo mara nyingi. Kila kijiko kiwe na kitu ndani: yai, karanga za kusaga, maziwa ya unga, tui zito. Nyama ikimletea ladha ya chuma, iache, mpe samaki, mayai, maharagwe. Tumia kijiko cha mti. Cha baridi hushuka vizuri kuliko cha moto. Saa anayojisikia vizuri, iwe alfajiri iwe adhuhuri, hiyo ndiyo ya kumlisha, usingoje saa ya nyumba. Akitapika siku nzima au asiposhusha hata maji, usikae naye nyumbani, mlete.

"Kwa nini hukutwambia haya siku ya kwanza?"

"Ningewaambia, lakini hakuna aliyewaleta kwangu. Na si wewe pekee, madam. Si umeona huko nje?"

Nilitaka kumrushia kitu. Kisha nikaona chakula chake cha mchana, kipande cha mkate mkavu juu ya faili, hakijaguswa, na mchana ulishapita. Nikaondoka.

Nyumbani nilipika uji wa mtama, nikatia yai, tui na karanga, nikauacha upoe. Niliutia kwenye kombe moja, na vijiko viwili vya mti. Nikakaa mkekani mbele ya mavyaa.

"Leo hakuna sahani ya peke yako," nikamwambia. "Tunakula wawili. Lakini ukitoa mkono, na mimi natoa. Na mimi nanyonyesha, Mama. Sijala tangu asubuhi. Rahma atanyonya nini, wewe unajua."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa makubwa wakati ule, uso umekwisha, yamebaki macho.

"Umekuwa mwanamke mbaya, wewe."

"Nimekuwa."

Akachota. Akatia kinywani. Niliona koo likipanda na kushuka, likakwama, likashuka. Nami nikachota. Akachota tena. Kila alipotaka kuweka kijiko, mimi niliweka changu kwanza na kumwangalia, naye akakiinua chake akinitukana kwa Kidigo.

Ndivyo tulivyoishi. Alfajiri, saa nne, adhuhuri, alasiri, jioni. Ndizi mbivu kwenye mtindi. Samaki wa kuchemsha kwa ndimu, iliyouchangamsha ule mdomo. Mdomo ulipotoka vidonda, madafu na uji uliopoa. Siku nyingine alikula vijiko vitatu akavitapika, nikafuta, tukaanza tena. Nilimpigia Hamisi kelele mpaka akawa haji nyumbani bila mayai. Mimi nilinenepa, wallahi, gauni zikanikataa, na mferejini wakabadilisha wimbo: sasa aliyekuwa akimla mzee ni mkaza mwana. Niliwaambia ndiyo, ninamla kwa kijiko, mje muone.

Wiki mbili zilipokwisha alipanda mizani. Muuguzi akataja namba. Haikuwa imeongezeka, ila ilikuwa haijashuka, na damu ilikuwa imepanda kiasi. Alipewa dripu ya tatu. Masika yalikuwa yameanza, paa la hospitali lilipiga kelele hata jina likiitwa hulisikii.

Siku hiyo yule kijana wa Ziwa la Ng'ombe alikuwa kwenye kiti, peke yake. Chupa haikuwapo. Alikuja kurudisha kiti cha magurudumu walichoazimwa. Mavyaa alimwuliza, "Mama hajambo?" Kijana aliinamia gurudumu la kile kiti, akalifuta kwa kiganja. Mavyaa akavuta mtandio hadi machoni, na kiti kilichokuwa kati yetu hakuna aliyekikalia mpaka tulipoitwa.

Sikumchukia yule kijana. Alimpenda mamake. Ninamchukia aliyemwandikia yale maneno, popote alipo, akiwa ameshiba.

Ramadhani ilitukuta kati ya dripu ya nne na ya tano. Mama akasema atafunga.

"Mgonjwa ana ruhusa, Mama."

"Ruhusa si amri."

"Haya. Mnyonyeshaji naye ana ruhusa, asiitumie. Ukifunga, nafunga."

Alisema Mungu ananiona. Nikasema najua. Basi mwezi mzima tulikula jikoni, mlango umefungwa, dirisha limewekwa kanga, kwa kuwaheshimu waliofunga, tukinong'ona kama wezi. Na unajua nani alilinda mlango? Mejumaa. Aliweka kibao nje akachambua mchele usio na mawe, na kila jirani aliyekuja kumjulia hali mgonjwa alimwambia, "Mama amelala." Siku moja, akidhani simsikii, alimwambia mmoja wao, "Na nyota nzito unayo wewe, mdomo wako." Tangu hapo nilimsamehe nusu.

Dripu ya sita alipewa siku chache kabla ya Idi. Sasa zimekwisha. Hatujaambiwa amepona. Tumeambiwa turudi baada ya miezi mitatu, kwenye ile mizani mlangoni. Bangili ameifunga kwa uzi mweusi isimtoke. Sijamwambia aufungue uzi huo.

Siku ya Idi aliomba sinia kubwa. Sikutaka. Nilisema tukae na kombe letu. "Mwaka mzima hujanisikiliza," akaniambia, "leo nisikilize." Nikapika wali wa nazi na changu, na nikakaa mapema, uso kwa uso naye.

Alisema bismillahi. Mkono ukanyooka. Hamisi hakula, Mejumaa hakula, sote tulikuwa tukiutazama uzi mweusi. Vidole vikafinyanga tonge. Vikachagua mnofu mweupe wa mgongo, vikatoa mwiba, vikaukandika juu. Mkono ukapanda. Rahma, ubavuni pake, akafunua mdomo mpana, kama alivyozoea.

Mavyaa akalitia tonge kinywani mwake mwenyewe, akatafuna, akameza.

Mtoto akaangua kilio. Hakuna aliyembembeleza.